Leo Nimevalisha Salon Yangu Matela

Wapendwa wa group, leo nimejiaibisha. Tena si kwa siri. Kwa sauti ya juu, kushoto na kulia.

Ngojeni niwaelezee mwenyewe kabla Mama Bahati hajaanza (yule jirani yangu wa ng'ambo ya avenue, tunapendana sana, lakini mudomo yake haina mulango).

Munajua chorale yetu ya wamama. Tuko kumi na nne. Tulirekodi nyimbo zetu, na wiki mbili zimepita comité ya kanisa ilizisikilizia mule ndani, chini ya yale mabati. Yesu wangu. Ilikuwa kama vile tunaimbia ndani ya pipa. Pasteur akasema pole pole, na heshima yake yote, kwamba anasikia wamama wanafurahi, lakini hasikii wanafurahia nini.

Wakatupa nafasi ya pili. Leo jumamosi, saa tisa ya mchana, kwangu, juu ya kuwa mi njo niko na stereo. Maneno yakisikika, tunaenda kuimba ku mukutano wa Rumonge. Yasiposikika, wanatuma chorale ya vijana.

Na Rumonge njo kwa mama yangu. Tangu hii shida ya essence ya magari ianze, sijafika kule. Miguu yake imechoka, hawezi kuja huku. Kila akinipigia simu swali ni moja: utakuja lini kuniimbia? Na kanisa inatafutia gari chorale yenye itachaguliwa. Kwa hiyo mukinihukumu, anzieni hapo. Mi nilikuwa natafuta kufika kwa mama yangu.

Sasa stereo. Ni ampli moja na bafle mbili, zile spika kubwa za mbao, zinanifika ku kiuno. Bwana yangu alizileta kutoka bandarini, anafanya kazi ya kutoa mizigo ya watu kule, kuna meli ilizishusha kutoka Kigoma. Bafle ziko sawa. Mwenye shida ni salon.

Salon yetu imekunjika kama herufi L, juu bwana yangu alianza kuongeza chumba halafu akapumuzika (mpaka leo anapumuzika). Ukuta moja ndefu haina kitu. Ukuta ingine ni mulango wa chuma na madirisha ya vioo. Chini simenti, juu mabati. Ukipiga makofi mara moja, nyumba inakujibu mara tatu.

Asubuhi nikaweka wimbo. Bafle ya kushoto ilikuwa imeshikana na kona, sauti nene zote zikajaa pale, bum bum bum, kama mutu anatwanga. Bafle ya kulia ilikuwa inaangalia koridoo ya jikoni, na wasoprano wote wakapita mule wakaenda zao. Mi nimekaa mu fauteuil, kiti yangu ya starehe, sisikii hata moja. Dorika, binti yangu mukubwa, alikuwa jikoni anamenya mihogo, akaniita: "Mama, huku iko muzuri sana."

(Comité nzima nitaikalisha jikoni?)

Nikatuma kumuita Muzee Ramadhani. Ni fundi wa radio, kibanda yake iko ku kona ya avenue yetu, na Kiswahili yake ni ile safi ya watu wa zamani wa hapa mujini. Akaingia, akafunga macho, akasikiliza, akapiga makofi, akazunguka kama mutu anataka kununua parsele ya kujenga. Kisha akaniambia spika haziumwi, kinachoumwa ni chumba.

"Mama Dorika, nyumba yako iko uchi. Ivishe nguo."

(Miaka yote niko ku kanisa, leo naambiwa nyumba yangu iko uchi.)

Akanielezea. Sauti ni kama mpira, ikigonga ukuta inarudi, kwa hiyo weka vitu laini. Toa kila kitu kigumu na kila kitu kinatetemeka. Vuta bafle mbali na kona, hatua moja na nusu. Kutoka bafle mpaka bafle, na kutoka kila bafle mpaka kichwa ya musikilizaji, umbali ikuwe moja, na upime na kamba. Mwisho, jaribu na mikro: muziki inaweza kukudanganya, lakini sauti ya mutu unamujua haidanganyi. Halafu akaenda kuswali adhuhuri na kula. Akasema atarudi kabla ya saa tisa.

Mi nimesoma cours du soir, ile shule ya mangaribi, miaka tatu. Pembetatu yenye pande zote sawa, hiyo naijua. Mwalimu alituambia itatusaidia siku moja, na darasa nzima tulimucheka. Leo njo ilikuwa siku.

Nikaanza. Fauteuil zote inje. Meza inje. Viti inje, nikavipanga mustari ku kivuli cha ukuta visiungue na jua. Kisha nikaenda mu vyumba nikavuta matela zote tatu tunalalia. Nilitaka zisimame ku ukuta, zikakataa, zikawa zinaanguka moja moja kama walevi. Nikaziacha zilale chini. Blanketi nikazipigilia ku madirisha. Kabati ya vyombo, na vioo yake inatetemeka, nikaifunika na shuka nyeupe. Ku ile kona ya bum bum bum, nikavuta bafle mbele, nikatundika koti ya costume, ile suti ya bwana yangu, juu ni nzito, inakula sauti.

Sasa nilikuwa nahitaji kichwa. Kichwa ya Pasteur, pale atakaa, ili nipime. Dorika alikuwa na mihogo yake. Nikaangalia ukutani, nikaona picha kubwa ya bwana yangu, ile amevaa costume, anaangalia mbele kama waziri. Nayo ilikuwa inatetemeka ku musumari. Nikaitoa, nikaisimamisha juu ya kiti kidogo katikati ya salon. Vizuri kabisa. Bafle zote mbili zinamuangalia, naye anaziangalia.

Naona wengine wenu mumeanza kuelewa. Mi nilikuwa bado.

Nikaweka wimbo wa tatu urudie-rudie, juu ni wa pole pole na uko na sauti zote (ndiyo, ule tunaimba pia wakati wa kusindikiza watu ku makaburi, lakini mi nilikuwa nafikiria wasoprano). Vumbi ya matela ilikuwa imeniingia machoni, yakawa mekundu kama pilipili. Kilemba imelegea. Kitenge nimeifunga ku kiuno. Miguu bila kitu. Nikapiga magoti mbele ya picha, kamba ya kuanikia nguo mu meno, mukono moja ku bafle, mukono ingine ku pua ya bwana yangu.

Mama Bahati akatokea ku mulango.

Aliona fauteuil inje, njo akaingia kuangalia. Akasimama. Akaangalia matela, akaangalia shuka nyeupe, akaangalia picha, akaniangalia mimi. Akaniuliza pole pole sana, "Mama Dorika, kuna nini hapa?"

Kamba iko mu meno. Nikifungua mudomo, napoteza kipimo, naanza tena. Nikatikisa kichwa. Nikamufanyia na mukono: niache kwanza.

Akaweka mikono mbili ku kichwa, akarudi kinyumenyume, bila neno moja. Nikamushukuru Mungu. Nikasema, angalia, huyu mama naye amejifunza kuacha watu wafanye kazi.

Nikamaliza kupima. Nikazima wimbo. Nikachomeka mikro ya chorale, nikaiwasha, ikapiga filimbi kidogo, nikateremusha sauti mpaka ikanyamaza. Nikasema moja, mbili, moja, mbili. Bado chumba ilikuwa inanirudishia, si sana lakini bado. Nikaweka mikro juu ya matela ya kati nisogeze bafle ya kulia kidogo.

Mikro ilikuwa imefunguka. Mukumbuke hiyo.

Wakaanza kuingia. Mama Bahati mbele, nyuma yake wamama wawili wa chorale, nyuma yao wamama wa avenue, kisha wababa na kofia mu mikono. Hakuna aliniambia jambo. Mama Bahati alinikumbatia, machozi yake yakaniteremukia ku shingo. "Wihangane," akasema. Nikamuuliza nivumilie nini. Akanikaza zaidi.

Sasa munajua desturi yetu. Ku matanga hakuna mutu anauliza. Unaingia, unakumbatia, unalia, unakaa chini ku matela. Na habari mbaya nayo hakuna anakupa ukiwa peke yako: watu wanakuja kwanza, wanajaa, kisha mukubwa moja anafungua mudomo. Kwa hiyo wao walijua mi njo niko na habari. Na mi nikajua wao njo wameniletea.

Nikatafuta Dorika na macho. Alikuwa amesimama ku koridoo, kisu ya mihogo mu mukono, mudomo wazi. Yule mudogo wake alikuwa nyuma yake. Nikahesabu nyumba yangu yote. Alibakia moja tu, alitoka saa kumi na mbili ya asubuhi kwenda bandarini. Nikashika simu, nikapiga. Yule mama wa ndani ya simu akaniambia namba haipatikani.

Watu wote walikuwa wanaangalia picha. Nami nikaangalia picha. Picha ikaniangalia, na costume yake.

Nikaanguka ku matela. Matela ya kati.

Wapendwa, mi nalia muzuri, niwaambie ukweli. Nilizaliwa kwa wamama wanajua kulia. Nikafungua mudomo, na sauti ikatoka, si kwangu tu: kushoto ikatoka, kulia ikatoka, mpaka inje, mpaka ku avenue.

"Baba Dorika, umeniacha na nani! Nani atakoroma pale pembeni yangu? Nilikuambia kukoroma yako inanisumbua, nilidanganya, siku hukoromi silali."

Wamama wakaitikia, yooo.

"Baba Dorika, unisamehe. Ile samaki ya mukeke ulisifu mbele ya wageni, sikuipika mimi, nilikuwa ku masomo ya mangaribi, ilipikwa na Mama Bahati."

Mama Bahati akalia zaidi, lakini niliona anatikisa kichwa, kama kusema ni kweli, ni mimi.

"Ile kofia yako ya kijani ulitafuta mwezi nzima, haikuibiwa. Mi njo niliitupa, Baba Dorika. Ilikuwa inakuzeesha."

Na hapa mutanihukumu vile mutaona. Katikati ya ule uchungu, na machozi, na kamasi, nilisikia sauti yangu inatoka bafle zote mbili, safi, kila neno ku nafasi yake, hakuna kurudi, hakuna bum bum bum. Na kona moja ya kichwa yangu (Mungu anisamehe) ikasema: ehe, sasa imekaa sawa.

Pasteur alikuwa ameshafika na comité yake, nusu saa kabla ya wakati. Alikuja kusikiliza stereo, akakuta matanga, akakaa chini na daftari yake bila kuuliza, juu hata Pasteur haulizi. Alikuwa ameinamisha kichwa tayari kwa maombi. Nikavuta pumzi niendelee, juu nilikuwa bado na mambo mingi ya kumuambia marehemu.

Mulango ikafanya giza.

Bwana yangu amesimama pale, mufuko ya ndagala, dagaa za ziwa, mu mukono moja, simu imezimika mu ingine. Nyuma yake Muzee Ramadhani.

Baadaye aliniambia vile ilikuwa. Alisikia kilio akiwa bado ku kona, ku kibanda ya Muzee. Alifikiri kuna Baba Dorika mwingine ku kartie, huku mutaani kwetu, akamuhurumia, hata akainamisha kichwa kidogo. Sauti iliposema mukeke, akasimama. Iliposema kofia, akakimbia.

Watu walipomuona, munaweza kuwaza. Mzee moja wa comité aliruka matela mbili. Mama Bahati alijificha nyuma ya bafle ya kushoto, na akaita jina la Yesu ndani ya kitambaa yake. Mi niliangalia picha, nikaangalia mulango, nikaangalia picha.

Bwana yangu akaona koti yake imetundikwa ku kona. Akaona picha yake. Akaweka ndagala chini pole pole, akakaa ku matela kama wafiwa wengine, akanisogezea mikro karibu na mudomo.

"Endelea," akasema. "Ulikuwa umefika ku kofia."

Dorika akacheka kule koridoo, akajaribu kuzuia, ikatokea mu pua. Na ile salon yote ikapasuka. Wamama walicheka wakilala. Pasteur alicheka akifuta machozi yale yale aliyonililia.

Mi nikakimbia ku chumba nijifunike. Nijifunike na nini? Blanketi zote ziko ku madirisha. Nilale wapi? Matela zote ziko salon, zimekaliwa na watu. Nilikaa ku mbao za kitanda tupu, nimeshika uso. Nikafikiria Rumonge. Nikafikiria mama yangu ku mulango wake. Nikasema, basi, imekwisha, Pasteur ataandika mu ile daftari kwamba hii chorale iko na wazimu.

Nikasikia kule salon mutu anapiga makofi. Mara moja tu. Pa.

Nyumba haikujibu.

Akapiga tena. Pa. Kimya. Halafu sauti ya Muzee Ramadhani, kama askari: "Asitoke mtu hapa."

Nikachungulia. Alikuwa amesimama katikati, macho yanang'aa kama mutu ameona mwezi. Akatuambia tusisogee, tusisimame, tukae vile vile. Akasema matela tatu zilikuwa nusu ya kazi, nusu ingine ilikuwa watu wenyewe: watu arobaini wamekaa chini na vitenge na masweta, ukuta hauna pa kurudishia sauti. Akatoa picha ya bwana yangu ku kiti, akamuweka Pasteur pale, akapima na kamba yangu. Ilikuwa sawa mpaka kidole (cours du soir, wapendwa). Akaweka wimbo.

Wasoprano walirudi kutoka jikoni. Wote. Niliwasikia moja moja: huyu ni Mama Zawadi, huyu ni mimi, huyu ni présidente wetu anavuta pumzi. Waalto wakatoka ku kona yao. Maneno yalikuwa yanakaa hapo katikati, kama vile tumesimama mbele yenu. Wamama walioniletea machozi wakaanza kuimba pamoja na bafle, pole pole. Bwana yangu naye akatia bass yake (hana sauti, lakini leo nilimuacha, alikuwa ametoka kwa wafu).

Wimbo ikaisha. Pasteur akafunga daftari bila kuandika.

"Nimesikia kila neno," akasema. "Ya wimbo, na ile ingine. Rumonge mutaenda. Lakini Mama Dorika asishike mikro."

Basi. Vigelegele ilipanda mpaka mabati ikatetemeka, na hiyo Muzee Ramadhani hana dawa yake.

Na sasa chakula. Watu walikuwa wamekuja na vyakula vya matanga, maharage, ndizi, unga, mutu moja gunia ya makaa. Nikasema warudishe kwao. Wakakataa, chakula ya matanga haivuki mulango kurudi. Tukapika yote. Dorika akaongeza mihogo, ndagala zikakaangwa. Bwana yangu alikula sahani mbili za matanga yake mwenyewe, akasema yeye hata akikufa kweli, hawatamupikia muzuri hivi. Kisha akageukia Mama Bahati, na adabu yote, akamuuliza ile mukeke iliwekwa nini. Nilimuangalia. Akarudi ku maharage.

Nimempigia mama yangu. Nimemuambia tunakuja. Akauliza juu ya nini nyuma yangu kuna kelele za watu wanacheka hivyo. Nikamuambia ni habari ndefu, nitamuambia uso kwa uso, na bwana yangu pembeni, muzima.

Bafle nimechora alama na chaki pale zinasimama. Matela zimerudi ku vitanda, tutalala. Shida ni moja tu: salon tupu imeanza tena kujibu.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo. Musinicheke huku ku simu. Mwenye anataka kunicheka akuje anichekee hapa salon, akae chini, na avae sweta nzito.